MAARIFA YA NYUMBANI: Kulala Hemani Pamoja na Watoto

Msomaji wetu mmoja, mkulima wa chai wa upande wa Mogogosiek, ameniletea barua fupi yenye swali refu. Asema kwamba alipopata bonasi ya majani yake alilipa karo, akanunua mbolea, akamtengenezea mama yake paa, na shilingi kidogo zikabaki. Watoto wake wamesoma shuleni habari za nyumbu wa Mara, nao hawamwachi kupumzika mpaka awapeleke wakawaone. Lakini alipouliza bei ya kulala hotelini kwa watu sita, alikunja karatasi akaitia mfukoni. Sasa auliza: je, yafaa anunue hema, na je, mtu mwenye watoto wadogo aweza kulala ndani yake pasipo kujuta?

Namjibu kwamba yafaa, tena sana. Mimi na bibi yangu tumelala hemani pamoja na watoto wetu watatu karibu kila mwaka, na watoto hao husimulia habari za hema kuliko habari za nyumba yo yote ya mawe waliyopata kulala. Lakini mwaka wa kwanza nilifanya kosa moja ambalo lingalizimaliza roho tano kwa usiku mmoja, nami nitalieleza hapa chini pasipo kuficha. Kwa sababu ya kosa hilo nimeona barua ya ndugu yetu yastahili kujibiwa kwa urefu.

Mama yangu, ambaye watoto humwita kogo, aliposikia mara ya kwanza kwamba twaenda kulala nje alisema, "Mwanangu, umejenga nyumba ya mabati, sasa wataka kurudi kwenye guo?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba watoto wa karani hawajui nyota, kwa kuwa tangu jioni wamo ndani wakitazama taa. Alicheka, akatufungia mursik katika kibuyu, na mursik ile ikawa ndicho chakula bora cha safari yetu, kwani haikuhitaji moto wala haikuharibika njiani.

Kwanza juu ya kununua. Kila hema dukani limeandikwa idadi ya watu. Mwenye kuiandika idadi ile aliwapanga watu ubavu kwa ubavu kama viazi guniani, wasio na viatu wala mfuko, wala mtoto wa miaka minne ambaye hujigeuza usiku kucha. Jamaa ya watu wanne na inunue hema la watu sita. Watu sita wa ndugu yetu wa Mogogosiek wataona raha zaidi wakiwa na mahema mawili, baba na wavulana katika moja, mama na wadogo katika la pili, milango ikitazamana.

Hema la turubai la pamba ni zito, lakini lina baridi ya wastani mchana na joto la wastani usiku. Hema la nailoni ni jepesi, na mtoto aweza kulibeba, lakini jua la saa nne likilipiga, hakuna awezaye kulala humo tena. Mwenye motokaa au mwenye kukodi matatu na achague turubai akiweza. Mwenye kupanda basi na achukue nailoni. Ukinunua turubai jipya, lisimamishe uani, ulimwagie maji mpaka lilowe, kisha uliache likauke likiwa limesimama. Nyuzi za pamba hufura zikapata kuziba matundu ya sindano. Tena wakanye watoto wasiguse turubai kwa ndani wakati wa mvua, kwa maana penye kidole ndipo maji yatakapopita. Nailoni haina tabia hiyo, bali ina nyingine: pumzi za watu watano hugeuka maji juu ya kitambaa, na alfajiri maji hayo huwadondokea. Watu wengi hudhani hema limevuja, wakamlaumu mwenye duka. Dawa yake ni kuacha madirisha ya juu wazi kidogo, hata kukiwa na baridi. Hema lenye paa la pili juu ya lile la kwanza ndilo lifaalo katika nchi yetu ya mvua. Lisilo nalo, liacheni kwa watu wa jangwani.

Kabla ya kwenda po pote, lalani uani kwenu usiku mmoja. Jambo hili huonekana kuwa mchezo, na majirani watacheka, lakini Bomet ni shule njema ya mahema. Katika nchi ya chai mvua huja alasiri, kwa kuwa upepo wa Ziwa Victoria hupanda milima yetu ukakutana na ule utokao mashariki. Huja pia na mawe. Kila mchuma majani ajua jinsi shamba lionekanavyo baada ya mawe hayo, na katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya Kericho walijaribu hata kurusha roketi mawinguni ili kuyapunguza. Hema lililosimama uani Bomet alasiri moja ya mvua, na ndani yake kukabaki pakavu, laweza kwenda popote katika Afrika ya Mashariki. Na kama halikusimama, jikoni kwako ni hatua ishirini tu.

Ni uani pia mtakapojifunza vigingi. Kigingi kisipigwe wima, bali kiinamishwe, kichwa chake kikiwa mbali na hema, ndipo kamba inapokivuta kikazidi kushika. Kamba za katani na za pamba hujikaza zikilowa, basi kabla ya kulala zilegezeni kidogo, la sivyo zitang'oa vigingi usiku. Za nailoni hufanya kinyume: hulegea, nazo zataka kukazwa tena mvua ikiisha. Turubai la kutandika chini ya hema lisitokeze nje ya kuta hata kidogo. Likitokeza, litapokea maji ya paa na kuyaleta chini ya migongo yenu, na mtalala katika dimbwi mlilolifanya wenyewe.

Sasa juu ya mahali pa kulala, na hapa nawaomba wasomaji wasome polepole. Mtu wa mlimani hupenda kusimamisha hema karibu na maji, kwa sababu kuchota ni rahisi. Lakini mvua iwezayo kuwaua haihitaji kunyesha mahali mlipo. Mito yetu ya Nyangores na Amala hutoka msitu wa Mau, ikaungana na kuwa mto Mara. Basi maji yaliyonyesha Mau alasiri, ambayo ninyi hamkuyaona, yaweza kupita usiku mbele ya hema lenu kule chini. Tarehe 1 Mei 2024 mto Talek, ambao nao huingia Mara, ulifurika ghafula, ukazifunika kambi nyingi za wageni, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Kambi hizo zilikuwa na wenye kuzilinda na kuzijua. Katika hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, vijana saba wa kikundi cha kanisa walichukuliwa na maji korongoni mwezi wa Aprili 2012, na watu saba wengine wakafa vivyo hivyo mwezi wa Septemba 2019. Siku kama hizo korongo huweza kuwa kavu saa nane, na saa tisa likajaa. Ukiona bonde lenye mchanga mweupe, safi, uliolala sawasawa kama uliofagiwa, fahamu kwamba huo ni mto uliolala. Usilale pamoja nao.

Chagueni mwinuko mdogo wenye nyasi fupi, ambako maji yana pa kuteremkia. Vichwa vielekee upande wa juu. Msijiweke chini ya mkalitusi, kwa kuwa mti huo huangusha matawi hata pasipo upepo, wala chini ya mgunga mkubwa wenye tawi lililokauka. Na kama mko karibu na mto wenye viboko, tafuteni njia yao, iliyokanyagwa kama njia ya ng'ombe iendayo kisimani. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, na hurudi kwa njia ile ile. Mtu aliyejenga kati yao na maji ndiye aliyekosa adabu, si wao.

Nifikie baridi. Sisi wa nchi za juu twadhani twaijua, lakini nyumbani twaijua kwa kuikimbilia meko. Hemani watu hurundika mablanketi juu yao, wakalala juu ya turubai tupu, na saa nane za usiku wakaamka wakitetemeka, wasijue baridi yatoka wapi. Yatoka chini. Ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa inyonyavyo. Basi mwenye mablanketi manne na atandike mawili chini na kujifunika mawili. Magodoro membamba ya sponji yafaa kuliko yale ya kujaza upepo, kwani godoro la upepo lisilo na kitu juu yake hukaa na hewa baridi ndani. Nyasi kavu au magunia chini ya godoro ni msaada mkubwa. Wavisheni watoto soksi na kofia, na nguo za kulalia ziwe nyingine, zisiwe zile walizotokwa na jasho wakicheza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa katika taulo, ikiwekwa miguuni pa mtoto, hudumu muda mrefu.

Hiyo chupa ya maji ndiyo jambo nililopaswa kulijua mwaka ule wa kwanza.

Tulikuwa kando ya ziwa, katika Bonde la Ufa, na mvua ilikuwa imetupiga jioni. Mtoto wetu mchanga alikuwa na miezi tisa. Tulikuwa tumepika kwa jiko la makaa, na baada ya chakula makaa yalibaki mekundu, hayana moshi, yakipendeza. Nikasema moyoni kwamba ni hasara kuyaacha nje. Nikaliingiza jiko hemani, nikaliweka juu ya jiwe bapa ili lisiunguze turubai, nikafunga zipu zote kwa ajili ya upepo, na nikajisifu kuwa baba mwenye akili. Joto likaenea. Watoto wakalala mara moja. Mimi pia nililala mara moja, na tangu siku ile siusifu usingizi wa upesi namna ile.

Bibi yangu aliamka kwa sababu mtoto mchanga alilia kutaka kunyonya. Asema kichwa kilimpasuka, na alipojaribu kupiga magoti alianguka ubavu. Hakujua ni nini, lakini alitambaa mpaka mlangoni akavuta zipu, akamtoa mtoto, akarudi akamvuta wa pili kwa mguu. Kelele zake ziliniamsha nami nikawa kama mlevi. Miguu yangu haikunitii. Mkubwa wetu tulimtoa akiwa amelegea kama nguo. Mzee mmoja, dereva wa wageni waliokuwa kambi ya jirani, alikuja na tochi, akalitazama jiko, hakutuuliza neno. Alitutia sote garini akatupeleka hospitali. Njiani watoto walitapika, na kule kutapika kulinifurahisha, kwa maana aliyetapika yu hai.

Daktari alinieleza habari hii kwa upole, nami naieleza kama nilivyoipokea. Makaa yawakapo mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Huingia katika damu na kushika mahali ambapo hewa njema ingeshika, na damu huipenda sumu hiyo kuliko hewa njema. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na aliye usingizini hapati hata dalili hizo. Makaa mekundu yasiyo moshi ndiyo yadanganyayo watu wengi. Hudhani moshi ukiisha hatari imekwisha. Hata jiko lililofunikwa majivu na kuonekana limezimika huendelea kuitoa. Jiko la mafuta ya taa na la gesi nayo yana hatari hiyo ndani ya hema. Kuacha dirisha wazi hakutoshi.

Basi jiko lisilale ndani. Si kwa dakika tano, si mlangoni chini ya kibaraza cha turubai, si kwa ajili ya mtoto mgonjwa. Mtu akipatwa, mtoeni nje mara moja, kisha mpelekeni hospitali hata kama asema amepona. Na wasomaji wa nchi ya baridi wanaolaza jiko katika chumba cha kulala nyumbani, habari hii yawahusu vile vile.

Mama yangu sikumwambia kwa mwaka mzima. Alipoambiwa na mjukuu wake, alininyamazia siku mbili.

Chakula ni jambo jepesi. Kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo maji yachemkavyo kwa joto dogo, na ndiyo sababu maharage hukawia Bomet kuliko Kisumu. Chemsheni maharage au githeri nyumbani, mkaange tu huko. Ugali, mayai, sukuma wiki na chai vyatosha siku mbili. Maji ya mtoni yachemke sawasawa kwa dakika 3 kabla ya kunywewa. Chakula kisilale hemani pamoja na watu. Kifungieni garini au ndani ya sanduku gumu kwa walinzi. Nyani hukumbuka mahali walipopata mkate, na tembo husikia harufu ya ndizi na machungwa toka mbali. Nimewaona nyani wakifungua mfuko uliofungwa kwa kamba kwa ustadi ambao karani wa masijala angeuonea wivu.

Kuhusu malaria, watu wa milimani tujihadhari kuliko wengine. Watoto waliokulia baridini hawana kinga waliyo nayo wale wa kando ya ziwa, na homa ikiwapata huwapata kwa ukali. Hema lifungwe kabla ya jua kutua, nguo za mikono mirefu zivaliwe jioni, na mwendapo nchi za chini ulizeni zahanati mapema juu ya dawa za kujikinga. Mtoto akipata homa ndani ya majuma kadhaa baada ya kurudi, mwambieni mganga kwamba mlisafiri.

Choo cha usiku ndicho kiletacho ugomvi katika jamaa nyingi. Katika nchi ya wanyama mtoto asitoke peke yake kamwe. Chukueni ndoo yenye mfuniko, iwekwe pembeni ndani ya hema, na hakuna wa kuona haya. Mtu mzima akilazimika kutoka, na amulike kwanza kwa tochi pande zote kabla ya kutoa mguu, na ayatazame majani usawa wa macho ya mnyama. Viatu vikung'utwe asubuhi kwa ajili ya nge. Siafu huandamana sana wakati wa mvua. Pigeni macho ardhini kabla ya kusimamisha hema, na mkiuona mstari wao, hamieni kwingine.

Ndugu yetu auliza pia aende lini. Nyumbu wengi huingia Mara toka Serengeti kati ya mwezi wa Julai na Oktoba; likizo ya Agosti yafaa kwa jambo hilo. Akienda Desemba atawaona simba, tembo na twiga, lakini nyumbu wengi watakuwa wamekwisha rudi Tanzania, na watoto watasema baba amewadanganya. Hifadhi ya Masai Mara ni mali ya serikali ya jimbo la Narok, si ya Shirika la Wanyamapori. Basi aulize kwanza ada ya kuingia, ada ya kambi, na kama walinzi wa kulipwa watakiwa usiku. Kwa safari ya kwanza mimi ningempeleka Hell's Gate, ambako wageni huruhusiwa kutembea kwa miguu na kupanda baisikeli kati ya pundamilia, na ambako kambi ya Naiburta iko juu kwenye mwinuko, mbali na korongo. Malipo ya huko hufanywa kwa simu kabla ya kufika, wala hawapokei fedha mkononi mlangoni.

Mkirudi nyumbani, hema lisitiwe mfukoni likiwa na unyevu, hata kama mmechoka na ng'ombe wangoja kukamuliwa. Litundikeni juu ya kamba siku mbili, mlipige brashi, mhesabu vigingi. Letu lilikaa mfukoni juma moja tu baada ya safari ya pili, likaota ukungu mweusi ambao haujatoka mpaka leo, na kila tulifunguapo bibi yangu hunitazama.

Juma lijalo nitamjibu msomaji wa Sotik aliyeuliza jinsi ya kuhifadhi mahindi yasipate fukusi.